Safi Niliyoitamka Bila Kutazama

Nimesoma mpaka darasa la nne na sioni haya kusema. Gereji yangu ya breki huku ughaibuni, Scarborough, niliianzisha kwa mikono hii, mpaka nikaajiri watu wenye vyeti vyao ukutani. Kwa hiyo nikisema niliipenda bastola, msinifikirie mhuni. Mhuni haketi darasani siku mbili akafanya mtihani, hasubiri miezi polisi wamchunguze, wala mkewe haulizwi kama anamwogopa.

Mke wangu aliulizwa. Fomu ya leseni ilikuwa na sehemu yake ya kutia sahihi, naye akaiacha juu ya friji wiki tatu.

"Tumetoka kote huko ili uniletee bunduki nyumbani?"

"Si bunduki, ni bastola. Na ni ya shabaha tu."

"Shabaha ya nini, na macho yenyewe hayo?"

Napenda chuma kilichotengenezwa kikakaa sawasawa, basi. Hata leo sina jibu jingine. Siku moja aliichukua ile fomu akiwa amenuna, akatia sahihi mpaka kalamu ikatoboa karatasi.

Aliyeniingiza katika mambo hayo alikuwa mzee mmoja Mwismailia, mzaliwa wa Mwanza kama mimi. Baba yake aliuza vitambaa kule. Yeye alikuwa ameshafunga duka lake hapa, amehamia kwa mwanawe kule Markham, na alikuja gereji kutengeneza breki tu. Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko changu, maana mimi Kisukuma hakijanitoka mdomoni. Nilimwita Mzee, akaniita Fundi, ikawa hivyo.

Kitabu cha kozi kilikuwa cha Kiingereza cha wanasheria. Kuendesha biashara kwa Kiingereza naweza, kusoma vile siwezi. Mzee akawa anakuja Jumapili gereji ikiwa imefungwa, anakaa juu ya tairi, ananisomea ukurasa baada ya ukurasa kwa Kiswahili. Nikikosea ananichapa goti kwa rula, mimi mtu mzima mwenye wajukuu.

"Kidole kiko wapi, Fundi?"

"Nje ya traiga, mpaka wakati wa kufyatua."

"Ina risasi?"

"Ina risasi mpaka nitazame mwenyewe."

"Na mwenzako akikwambia haina?"

"Natazama."

"Na mimi nikikwambia?"

"Natazama hata wewe, Mzee."

"Vizuri. Mimi ndiye wa kutazamwa zaidi, najiamini mno." Akacheka peke yake.

Nilifaulu, nikajiunga na klabu yake, mwendo wa saa moja kaskazini ya mji. Pale kulikuwa na desturi moja. Kabla hujatoka kwenye mstari wa kupigia, unatoa magazini, kile kikasha cha risasi, unavuta nyuma chuma cha juu cha bastola, unamwonyesha jirani yako mahali risasi inapokaa. Anachungulia, wengine wanaingiza na kidole kidogo, kisha anatamka kwa sauti kwamba ni tupu. Hapo ndipo unaifungia kwenye sanduku. Sisi wawili tulisema "safi." Wazungu walituzoea, wachache wakaanza kusema safi wao pia.

Wakati wa chai walibishana jinsi ya kubeba. Mikanda, mifuko ya ngozi, ubavuni au mbele ya tumbo, risasi ikae juu tayari au isikae. Walibishana mpaka mishipa ya shingo inasimama. Na nchi hii hairuhusu mtu kama sisi kutembea na bastola barabarani hata hatua moja. Inatoka nyumbani imefungwa kufuli, inarudi imefungwa kufuli. Wachache waliofanya kozi ya ziada ndio walioruhusiwa kuivaa, tena palepale uwanjani. Mzee alikuwa mmoja wao. Yeye alivaa mfuko wa ngozi nyonga ya kulia.

"Tumboni?" alimwambia kijana mmoja. "Mimi bado napenda kukaa chini bila kuomba dua."

Miaka ikaenda. Baada ya kama miaka kumi hivi nikaanza kuona mabadiliko kwa Mzee. Akiendesha, kona tuliyokata kila Jumamosi aliipita akaenda mbele. Aliuliza jambo, nikamjibu, akauliza tena. Mwanzoni nilicheka naye. Halafu nikaacha kucheka.

Kosa langu ni hili, na nalisema kama lilivyo. Alipokuwa ananionyesha bastola yake, niliacha kutazama. Mikono yake ilikuwa imeanza kutetemeka juu ya kile chuma, watu wanamwangalia, na mimi kuinama nimchungulie niliona ni kama kumwambia amekuwa mtoto. Mtu aliyenisomea kitabu kizima! Nikawa namtazama usoni, nasema "safi." Sikulazimishwa na mtu. Nilijiambia ndiyo heshima.

Jumamosi moja ya baridi kali tulitoka klabuni katika gari langu, nikasimama Scarborough kwenye duka moja la chai na sambusa. Sheria inataka uende nyumbani moja kwa moja, lakini Mzee alikuwa na njaa. Watu walijaa foleni, mbele yetu mama na kigari cha mtoto. Yule mama akaangusha glavu. Mzee akainama kumwokotea, koti lake likapanda, nikaona ngozi nyeusi nyongani, na mpini wa bastola.

Nikamsogelea sikioni.

"Mzee, twende garini."

"Na chai?"

"Nimesahau pochi."

"Nitalipa mimi, acha ubahili." Akaingiza mkono chini ya koti kutafuta pochi yake mfuko wa nyuma.

Nikamshika kiganja, kwa nguvu. Yule mama akageuka akatutazama.

"Fundi, umepata wazimu?"

"Mzee, nakuomba. Nakuomba twende."

Akanifuata akinung'unika. Ndani ya gari nilimfunua koti. Aliitazama ile bastola kama kitu cha mtu mwingine.

"Nani ameweka hii hapa?"

"Weka mikono juu ya dashibodi, Mzee. Usiishushe."

Niliichomoa. Magazini ilikuwa imejaa. Nikavuta chuma cha juu, risasi ikaruka ikaangukia chini ya kiti, nikaipapasa mpaka nikaipata. Nikaelewa palepale. Alipomaliza kupiga aliingiza magazini mpya kwa mazoea, akasahau. Aliponionyesha, magazini ilikuwa bado ndani, na alipoachia chuma, risasi ikapanda. Mtu yeyote ambaye angechungulia angeiona shaba inang'aa, tena angeona mkono unarudisha bastola kiunoni, si sandukuni. Jirani yake alikuwa mimi. Sanduku lake lilikuwa nyuma ya gari, limefungwa kufuli vizuri kabisa, tupu.

Kwa jambo hilo angefungwa jela. Na jela, nikiwaza lile duka, ndiyo ingekuwa nafuu.

Mzee alikuwa ameshaelewa. "Usimwambie mtoto," alisema. Mtoto mwenyewe ni mwanaume wa miaka arobaini na kitu. "Watachukua bastola. Halafu watachukua gari langu. Halafu nitawekwa dirishani kama chungu cha maua."

"Sitamwambia."

Nilisema hivyo kwa sababu alikuwa analia, na sikuwahi kumwona akilia. Nikaifungia bastola sandukuni, nikampeleka Markham. Mlango ulipofunguliwa, mjukuu wake wa kike, miaka mitatu hivi, alikuja mbio akamkumbatia nyonga, pale pale penye ule mfuko wa ngozi.

Nilikaa na jambo hilo siku nne. Mke wangu aliniona sili chakula nikamaliza, nikamweleza.

"Ungekuwa wewe ndiye mgonjwa," aliniuliza, "ungetaka nani aseme?"

"Nisingetaka aseme mtu."

"Ndiyo maana nilikaa na ile fomu wiki tatu."

Siku ya tano nikaenda. Mwana wa Mzee alikuwa jikoni, na Mzee mwenyewe mezani akimenya chungwa. Sikumvuta mtu pembeni. Nilisema mbele yake, kwa Kiswahili, lile duka, koti, risasi, na kwamba mimi nilitamka safi bila kutazama. Yule mwana Kiswahili anakisikia, ila anajibu kwa Kiingereza. Aliniuliza ni mara ngapi nilifanya hivyo.

"Sijui," nikasema. Katika maisha yangu sijatoa jibu lililonidhalilisha kama hilo.

Mzee aliweka kisu chini. "Nilikusomea kitabu kizima," alisema. "Darasa la nne, wewe! Ningekuacha hukohuko chini ya magari."

"Ndiyo, Mzee."

"Toka."

Nikatoka. Mwanawe aliwapigia polisi simu, wakaja mchana kuchukua bastola zake tatu. Mimi nilikwenda kwa katibu wa klabu nikajisema mwenyewe, wakanisimamisha mwaka mzima. Mwaka ulipoisha sikurudi. Mimi ambaye sijawahi kufukuzwa kazi yoyote, tangu ile ya kwanza ya kuosha vyombo.

Kiangazi kilichofuata yule mwana alinipigia. Baba anakuulizia kila siku, akasema. Niliendesha mpaka Markham nimefurahi kama mtu aliyesamehewa. Nilimkuta Mzee amesimama mlangoni, viatu miguuni, vizibo vyake vya masikio vya klabuni mkononi.

"Umechelewa, Fundi. Twende."

Hakukumbuka kitu. Mimi ni mtu wa kusema kweli, nimejijengea jina kwa hilo, basi nikamwambia kweli. Bastola zimechukuliwa, Mzee, na mimi ndiye niliyesema. Akanitukana upya, maneno yaleyale, kitabu kizima, darasa la nne, chini ya magari. Akalia upya. Jumamosi iliyofuata alikuwa mlangoni tena na viatu vyake. Nikamwambia tena. Mara tatu nilimwambia, na mara tatu ilikuwa kwake ndiyo kwanza anasikia.

Mara ya nne nilisema, "Leo kumefungwa, Mzee. Theluji imezidi."

Ilikuwa Julai, joto tupu. Jirani alikuwa anakata majani, tunasikia mashine. Mzee aligeuka akatazama dirisha muda mrefu.

"Haya," akasema. Akakaa na viatu vyake. "Wiki ijayo basi."

"Wiki ijayo."

Akaletewa chai, tukanywa. Nilimdanganya hivyo kila Jumamosi kwa miaka miwili, mpaka alipofariki, na kila mara aliniamini.