Sekunde Tano za Mtaalamu

Mtaalamu wetu kutoka Dar alikuwa na dawa moja kwa kila ugonjwa: subiri sekunde tano. Mimi nilikuwa fundi programu wa mradi wa friji za chanjo, ofisi chumba kimoja Buzebazeba, jirani na Ujiji. Tulitengeneza kisanduku cha kupima ubaridi wa friji na kuuonyesha kwenye kioo. Kikiwashwa, kiini cha mfumo huamsha vifaa kimoja kimoja. Ubaya ni kwamba draiva ya kipimajoto, yaani programu ndogo inayokiendesha, iliamka kabla ya kidhibiti umeme kinachokilisha kipimajoto chenyewe. Inapiga hodi mara moja, haijibiwi, inasusa mpaka kisanduku kiwashwe upya.

Nilitaka draiva iseme "bado, niite baadaye," na kiini kiirudie pindi kidhibiti kitakapokuwa tayari. Mistari mitatu tu! Mtaalamu akacheka. "Kaka, usijitafutie kazi." Akabandika sekunde zake tano, akajaribu mara moja kwa umeme wa ofisini, akala samaki wetu wa mgebuka, akapanda ndege. Eti mhandisi.

Kwenye zahanati za huku, zile za kufika kwa boti, umeme ni jua. Friji ina betri yake. Vingine vyote, pamoja na kisanduku chetu, hutumia betri nyingine na huzimwa jioni ili ipumzike, na asubuhi huwashwa betri ikiwa bado hoi. Hapo kidhibiti kinajikongoja sekunde nane, tisa. Angeuliza mtu yeyote Ujiji angeambiwa.

Wiki ya tatu baada ya yeye kuondoka, niliitwa kwenye zahanati moja ya kaskazini. Friji ilikuwa imekufa tangu juzi. Akina mama waliotelemka milimani na watoto mgongoni walijaa barazani, na nesi, mama wa makamo, alikuwa anatia vichupa vya chanjo kwenye ndoo ya kutupwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Jana niliingiza mkono humu nikahisi joto. Nikatazama kioo chenu, nyuzi nne, sawasawa kabisa. Nikasema basi, mkono wangu umezeeka."

Ningeweza kumsema mtaalamu yule mpaka jua lizame. Lakini kipimajoto kisipoamka, kioo kilitakiwa kibaki kitupu. Ile nne niliiandika mimi kwenye programu, ijaze nafasi, kwa kuwa kioo kitupu hakikunipendeza.

Nesi akatoka kwenda barazani kuwaambia akina mama warudi makwao. Nilimsikia akiwaomba radhi, akisema kosa ni lake. Nilibaki ndani na friji.