Kwa Hayo Machache

Idara ya Sanaa, Utamaduni na Programu za Jamii ilikuwa na kila kitu isipokuwa jamii. Ilikuwa na ukumbi wenye jukwaa la mbao na mapazia ya zambarau, gari lenye nembo mlangoni, na jokofu lililojaa soda. Lakini kila ilipofanya shughuli, viti vilibaki vitupu vikimkodolea macho mgeni rasmi, na hakuna mgeni rasmi anayependa kukodolewa macho na viti. Ndipo karani wa itifaki, bwana mmoja mwembamba aliyezaliwa na wasiwasi, akapata dawa: akaanza kukodi watu wa kuja kukaa.

Kinara wa waliokodiwa alikuwa mke wa fundi majokofu, mwanamke mfupi ambaye Mungu alimnyima kimo akamfidia kwa koo. Mtaa mzima ulimwita King'ora. Akipiga kigelegele, mbwa wanakaa chini na watoto wachanga wanaacha kulia ili wamsikilize mwenzao. Kazi yake idarani haikuhitaji maelezo mengi. Mgeni rasmi akitamka "kwa hayo machache", ambayo hayakuwahi hata siku moja kuwa machache, King'ora anaachia. Wenzake wanasimama na kupiga makofi. Mgeni rasmi anafunga kifungo cha koti. Mhudumu wa jikoni, aliyekuwa amesinzia upande wa pili wa ukuta, anashtuka na kuanza kufungua soda.

Mambo yalikwenda hivyo miaka nenda miaka rudi, hata jengo zima likazoea, kuanzia mkurugenzi hadi paka wa stoo. Kigelegele cha King'ora maana yake maneno yamekwisha, twendeni tukale keki.

Ila King'ora alikuwa na lake moyoni. Yeye na wanawake wenzake wa mtaani walikuwa na mchezo wa kuigiza, wa mavyaa aliyekufa, akawaona wakwe zake wanagombania masufuria kabla hajazikwa, akaamka kuyachukua. Walifanyia mazoezi katika duka la wifi yake, dada wa mumewe, fundi cherehani, ambaye ndiye aliyeigiza maiti. Aliigiza vizuri ajabu, maana ndiyo nafasi pekee aliyopata ya kulala mchana. Tatizo lilikuwa duka lenyewe. Maiti ililazimika kukunja miguu chini ya meza ya kupigia pasi, na ikifika saa ya kufufuka inafufuka na meza.

Walihitaji ukumbi. Wakaenda idarani kuuomba, na karani akawaeleza kwa huzuni ya kweli kwamba ukumbi upo, hauna shughuli, na ufunguo wake uko kabatini pale pale nyuma ya mgongo wake. Lakini mwenye mamlaka ya kuutoa kabatini ni Afisa Programu, na Afisa Programu hayupo, alishastaafu. Zikija shughuli za idara, mkurugenzi mwenyewe hutia saini kwa niaba ya afisa asiyekuwepo. Kwa akina mama wa mchezo wa mavyaa, hakuona sababu ya kuchosha kalamu.

Kwa hiyo siku tangazo la kazi ya Afisa Programu lilipobandikwa ukutani, King'ora, aliyekuwa pale akisubiri kwenda kupiga makofi, alilisoma mpaka chini kwenye muhuri. Awe na stashahada ya maendeleo ya jamii. Hiyo alikuwa nayo, imelala sandukuni chini ya kitanda tangu aipate, inanuka dawa ya nondo. Awe na uzoefu wa kushiriki shughuli za idara za sanaa na utamaduni. Hapo miguu ilimwasha. Alikimbia hadi dukani kwa wifi yake, akalala juu ya kitambaa cha mteja, akacheka mpaka akapaliwa.

"Wifi, mimi nimeshiriki zote. Hakuna hata moja iliyonipita."

"Umeshiriki kwa kukodiwa," wifi alisema, pini zikiwa mdomoni.

"Tangazo halijauliza nani alinileta."

Wifi alizitema pini. Baada ya hapo duka likageuka chuo. Wifi alikaa nyuma ya meza ya pasi, futi ya kupimia shingoni, akawa mwenyekiti wa usaili. Akamuuliza ataifanyia nini jamii. King'ora akasema ataifungulia ukumbi. Wifi akauliza, na kama jamii haitaki? King'ora akasema atafungua hivyo hivyo, wakatae wakiwa ndani. Wakaangua kicheko, wakaanza upya. Wifi alikuwa na onyo moja tu, na alilirudia kama dozi ya dawa: "Maswali utayaweza. Mimi naogopa huo mdomo. Siku hiyo uufunge, wifi yangu, mpaka uulizwe."

Siku ya usaili King'ora alivaa suti ya kijivu ya mteja ambaye hakuwa ameijia bado. Ilikuwa kubwa, kwa hiyo wifi aliibana nyuma kwa pini, na pini hizo zilimkataza kuegemea kiti. Alipoketi mbele ya jopo, alikaa wima kama mtu mwenye msimamo katika maisha. Mezani walikuwa mkurugenzi, mama mmoja wa utumishi mwenye miwani ya kamba, na karani wa itifaki, aliyeandika kumbukumbu huku akijitahidi kutomtambua. Nje kwenye korido walipangana waombaji wengine kwenye benchi, kila mmoja na bahasha yake mapajani.

Mkurugenzi alisema angependa kutanguliza neno kabla ya maswali. Akaanza na historia ya idara. King'ora aliijua, ameipigia makofi mara zisizo na idadi. Ikaja dira, ikafuata dhima, zikaja changamoto. Alikalia mikono yake kwa sababu ilikuwa imeanza kukutana yenyewe. Jasho likamtembea ndani ya suti ya watu. Akajikumbusha ukumbi, akajikumbusha ufunguo, akalibana onyo la wifi yake kichwani kama mtu anavyobana noti sokoni. Mkurugenzi akakohoa, akaweka kiganja mezani vile anavyokiweka siku zote akikaribia mwisho.

"Kwa hayo machache," akasema, na kilichofuata kilipaswa kuwa "tuanze maswali".

Hakikufuata. Kigelegele kilitoka kabla mwenyewe hajajua kama ni chake, kikapanda, kikagonga dari, kikateremka kupitia dirishani. Mama wa utumishi alianza kupiga makofi huku miwani ikicheza kifuani. Karani aliruka kwenda kuvuta kiti cha bosi. Mkurugenzi akainamisha kichwa kwa unyenyekevu, akafunga kifungo cha koti, akatangulia mlangoni. Kwenye korido waombaji wenzake, wakidhani kuna kiongozi anatoka, walisimama na kupiga makofi pia. Na kule jikoni soda zikaanza kusema pss, pss, pss.

Fahamu ziliwarudia wakiwa na keki mdomoni. King'ora aliona zinavyowarudia, mmoja baada ya mwingine. Kwanza mama wa utumishi aliacha kutafuna. Kisha karani akatazama kalamu yake kama iliyomsaliti. Wa mwisho alikuwa mkurugenzi, ambaye alimeza, akajipangusa makombo, na kwa kuwa hakuwahi kukiri kosa tangu aajiriwe, hakuona sababu ya kuanza siku hiyo.

"Karibu soda, mama," akamwambia King'ora. "Tutakujulisha."

Alifika dukani amelowa machozi, na wifi, ambaye alikuwa amemwandalia vifijo, alisikiliza kisa chote amesimama. Wifi alijitahidi. Alimwita "mke wa kaka yangu", akamwambia pole, akasema Mungu ana mipango yake. Kisha akauliza kama kweli mkurugenzi alifunga kifungo, na alipojibiwa ndiyo, akaketi sakafuni taratibu akicheka bila sauti. King'ora akawa analia na kucheka kwa zamu, na suti ya mteja ikapasuka kwapani.

Simu ilikuja siku wakiwa wameshakata tamaa hata ya kuzungumzia ukumbi. Alikuwa karani, ananong'ona kama mtu aliyejificha kabatini.

"Hongera, dada. Kazi umepata."

King'ora alimwambia asimfanyie mzaha mtu mwenye majonzi. Karani akaapa. Jopo, alisema, lilijaza karatasi za alama kwa haki kabisa. Wengine wote walikosea hapa na pale. Mmoja aliulizwa utamaduni ni nini na inasemekana bado anajibu. Ukija kwake, maswali aliyoulizwa ni sufuri, na aliyokosea ni sufuri. Hakuna mwingine aliyemaliza bila kosa. Kumwita tena kungehitaji kuandika kwenye kumbukumbu kwa nini jopo lilitoka, na hilo mkurugenzi alisema lisiandikwe.

Jambo la kwanza alilofanya Afisa Programu mpya lilikuwa kufungua kabati. La pili, kuliambia duka la wifi lifunge mapema.

Siku ya mchezo ukumbi ulifurika. Watu walikalia viti, ngazi, na magoti ya jamaa zao. Karani alipita kati ya safu akihesabu vichwa kwa hofu, mwisho akamwendea King'ora kumuuliza nani amewakodi wote hawa. Alipoambiwa wamekuja wenyewe, alitafuta mahali pa kushika.

King'ora alipanda jukwaani kusema karibuni. Neno moja tu, ndilo alilokusudia. Nyuma yake maiti ilishalala chini ya shuka, miguu imenyooka kwa mara ya kwanza tangu ianze kufa. Lakini kipaza sauti kilikuwa mkononi, ukumbi kimya, mkurugenzi mbele anatikisa kichwa kukubali. King'ora akajisikia akisema kwamba kabla hajasema lolote angependa kusema mawili matatu. Historia ya idara ikatoka yenyewe. Ikaja dira. Watu wakaanza kujipepea kwa mikono. Alikuwa anaikaribia dhima, na kiganja kimeshanyooshwa mbele, aliposikia shuka linasogea.

Maiti iliinuka mpaka kiunoni na kupiga kigelegele. Hakikuwa kigelegele cha King'ora. Kilikwaruza kama cherehani isiyo na mafuta. Kilitosha. Ukumbi mzima ulisimama na kushangilia, mkurugenzi akafunga kifungo na kushika njia ya mlangoni, karani akimkimbilia kumrudisha, na kutoka jikoni zikasikika soda, pss, pss, pss. King'ora mwenyewe, aliyekuwa katikati ya sentensi, alijikuta anapapasa kifungo cha koti lake.

"Shuka, wifi," marehemu akamwambia, akijifunika tena. "Nataka kufa."