Gunzi la Mishale ya Baba

Mwaka ule wa njaa tulikula ugali wa njano wa msaada na vichwa vya samaki, migebuka, kwa hiyo msiniulize tarehe. Unga wenyewe ulinuka gunia. Juzi hapa Gungu mkwe wangu alibabua kuku, na harufu ya manyoya ikanirudisha Kidahwe, uani kwetu, baba akichemsha ulimbo wa kunatisha manyoya kwenye mishale.

Nyani walikuwa wanatumalizia mahindi. Baba alikuwa fundi, lakini mwaka ule mishale yake ilikwenda kama mlevi anayetoka kilabuni. Manyoya mawili yamebanana upande mmoja, la tatu limejitenga kama mke aliyenuna. Nyani walikaa juu ya kichuguu wakitutazama, nusura watupigie makofi.

Mama alizoea kusema figa moja haliinjiki chungu. Nikayatazama mafiga yake matatu, nafasi sawa kila upande, nikaokota gunzi. Nililitoboa katikati kwa spoki ya baiskeli iliyopashwa moto, mshale upite, nikalichanja mipasuo mitatu kwa wembe. Unachomeka mshale, kila mpasuo unyoya wake, unatia ulimbo, unafunga kwa uzi wa nyavu kutoka Katonga. Ukikauka, unalivua gunzi.

Baba alilipapasa muda mrefu, kisha akachomeka mshale wa kwanza. Siku ya tatu dume la nyani likaanguka kwa mshale wake, wengine wakahama.

Akaja baba mdogo. “Weye! Mtoto wa kike na mishale, wapi na wapi? Lete hilo gunzi. Kaka yangu fundi mzima, la nini kwake?”

Baba aliinama tu, akichokoa ulimbo kuchani.

Nikasema, “Sitoi. Nimelitengenezea baba, linakaa kwa baba.”

Nilikula kofi, nikaitwa mchoyo mpaka naolewa. Na kweli, nilikuwa naringia kazi ya mkono wangu, basi. Nilikuja kuelewa nilipoanza mwenyewe kupapasa tundu la sindano: baba alikuwa haoni tena vya karibu. Alikuwa anaficha. Ningelitoa gunzi, mishale ingepinda tena, baba mdogo angejua wiki ileile, na shamba letu la bondeni angelidai yeye, ati kaka yake kipofu.

Baba alishazikwa zamani. Gunzi liko darini, jeusi kwa moshi. Juzi hiyohiyo mkwe aliliona.

“Mama, nipe hilo gunzi niwashie jiko.”

“Sitoi. Nimelitengenezea baba, linakaa kwa baba.”