Wageni wa Bibi Zaina

Siku ile, mwanangu, naikumbuka kwa harufu ya samaki. Lori la kurudi Kasongo lilikuwa limejaa magunia ya samaki wakavu, dereva anapiga honi kama mwenye wazimu, nami nimekaa uwani kwa Bibi Zaina, pale Nyangwe, redio ya kaseti, ile ya kunasia sauti, mapajani na moyo wote uko kwenye lori. Nilikuwa msichana wa chuo kikuu, mwaka wa mwisho, kichwa kimekuwa kikubwa hata kitambaa hakikitoshi. Unacheka? Cheka tu. Na cha kwako nakiona kinavyokua.

Kama wewe leo, na mimi nilikuwa naandika memwari, ile kazi ya kufungia masomo, na profesa wangu akiniongoza. Nilichagua habari za watu waliobeba mizigo katika njia za biashara za zamani, wakaenda na hawakurudi, wala kaburi hawana. Bibi Zaina ndiye peke yake aliyebaki na majina ya watu wa nyumba yao. Alikataa kuyatoa. Nikambembeleza, nikampelekea sukari na sabuni, mpaka akalainika. Lakini alinipa sharti.

"Majina haya hayatajwi bure, mwana," aliniambia. "Nikimwita mutu, anakuja. Nikimaliza tunawasomea Fatiha, na wewe uliyewataka ndiye unaitika Amina. Hapo ndipo wanaenda kupumzika. Mwingine hawezi kuitika kwa niaba yako. Iko vile katika nyumba hii."

Nikasema ndiyo, Bibi. Ndiyo ya mdomoni. Akaanza kuita. Alitaja jina, akanyamaza kidogo kama anayempisha mtu mlangoni, ndipo akataja jingine. Jua lilikuwa utosini. Jina la mwisho lilipomtoka, honi ikalia tena, nami nikaizima redio. "Bibi, asante sana, lori linaniacha!" Nikakimbia. Nyuma yangu nilimsikia akiita, "Mwana! Na hawa je?" Sikusimama. Haraka haraka haina baraka, tuliimbishwa hivyo tangu shule ya msingi, lakini nani alisikia?

Kasongo, kwa siku chache tu, nikaandika sura nzima kwa furaha, nikampelekea profesa pamoja na kaseti. Alikuwa Mbangubangu wa Kabambare, Mkristo wa kila Jumapili, mpole, asiyependa porojo za uchawi. Akaisikiliza kaseti mbele yangu, tangu pale Bibi anaponipa sharti. Ndipo nikasikia kitu ambacho, kwa papara zangu, sikuwa nimekisikia. Baada ya kila jina kulikuwa na kishindo kidogo cha mzigo unaotuliwa chini, kisha mtu anashusha pumzi. Jina, mzigo, pumzi. Jina, mzigo, pumzi. Nikajitia kusema labda watu wa nyumbani walikuwa wanapita. Lakini uwani tulikuwa wawili tu, mwanangu, mimi na Bibi.

Kaseti ikafika mwisho. "Na Amina yako iko wapi?" profesa akauliza.

Nikamweleza habari za lori. Akavua miwani. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililoniuma. "Mutoto wangu, umemufungua mutu, umechukua ulichotaka, umemuacha wazi. Mimi siweki sahihi hapa. Rudi."

"Profesa, siku ya kutetea memwari imekaribia!"

"Hata mwaka ujao itakaribia."

Nilimchukia, sikufichi. Wenzangu walikuwa wanashona nguo za sherehe, mimi narudi kwenye vumbi la Nyangwe. Lakini maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge.

Nilifika mchana, jua kali. Mama Sifa, mke wa mtoto wake Bibi, alinisimamisha barabarani, wala hakunikaribisha. "Ni wewe," akasema. "Mama hali chakula. Tangu uondoke hali, ni maji tu. Tukimupelekea sahani anasema, nitakulaje mbele ya wageni, nao wamekaa na njaa? Anatufia huyu, dada. Anatufia hivi hivi tunamutazama."

Nikachungulia uwani. Bibi Zaina alikuwa palepale nilipomwacha, amebaki mifupa, na mbele yake mikeka mipya imetandikwa mpaka ukutani. Juu yake hakuna mtu. Sasa, wewe unajua mkeka mpya ulivyo mkaidi: usipokaliwa, ncha zake hujikunja. Ile ilikuwa imenyooka yote, imebana ardhi. Na kuku wa nyumba ile walikuwa wanapita kandokando ya ukuta, hakuna hata mmoja aliyekata katikati. Niliogopa, mwanangu.

Nikavua viatu, nikafuata njia ya kuku, nikakaa karibu naye. "Nisamehe, Bibi."

"Mimi baadaye," alinong'ona. "Waombe wao. Wanakungoja wewe."

Tukafungua mikono. Akasoma, sauti yake nyembamba, inakatika na kurudi, nami machozi yananidondoka. Alipomaliza nikaitika Amina, kwa sauti, kwa moyo wote.

Mkeka wa mbele ukajikunja. Ncha moja, kisha nyingine, taratibu, kama mtu ameondoka juu yake. Kisha wa pili, kisha uliofuata. Hakukuwa na upepo, hata majani ya mgomba hayakutikisika. Kila mkeka ulipojikunja, mgongo wa Bibi ulinyooka kidogo. Mwishowe akaguna, akaita, "Sombe yangu iko wapi? Munataka nife?" Mama Sifa alilia kwa sauti huku akikimbilia jikoni kumpakulia majani yake ya muhogo.

Lakini mkeka mmoja, ule wa karibu na mlango, ulibaki umenyooka.

"Bibi, na huyu?"

Akautazama, kisha akanitazama mimi kwa huruma. "Huyo si wetu. Huyo alikuja na wewe. Kaulize kwenu."

Nyumbani nikamweleza baba. Alikuwa mtu mkali, habari za vita hakuwahi kutusimulia. "Ni Mwavita," akasema. "Dada yangu. Tulikimbilia musituni, nguvu zikamuishia njiani. Akasema tangulieni, nitawafikia. Mimi nilikuwa nimekubeba wewe, mutoto muchanga. Sikurudi kumutazama." Kisha baba yangu, ambaye sikuwahi kumwona akilia, alilia kama mtoto. Akamwita dada yake kwa jina, jina ambalo kabla ya siku ile sikuwahi kulisikia, na usiku haukuingia kabla hatujamsomea Fatiha, baba akaitika Amina, naye akaenda kupumzika.

Niliporudi kwa profesa aliniuliza neno moja tu: "Bibi anakula?" Nikamjibu anakula. Akaweka sahihi.

Sasa wewe unaenda Wamaza, kuwauliza wachimba dhahabu habari za wenzao waliofukiwa na udongo. Profesa wako amekupa maswali, na simu yako inanasa sauti vizuri. Sawa. Lakini sikiliza: mtu akikupa wafu wake amekufungulia nyumba yake, usitoke mbio ukauacha mlango wazi. Kaa naye mpaka amalize. Akitaka kulia, alie. Akitaka kuomba, omba naye, kwa dini yake. Pikipiki ikikuacha itakuja nyingine. Na profesa akikurudisha njiani usimnunie, asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Tena kabla hujafunga mzigo wako, vuta kiti hapa, maana hata kwetu kuna ambao hatujamaliza kuwataja, na huwezi kwenda kuuliza ya watu hujayauliza ya kwenu.

Nenda na Mungu, mwanangu. Akupe masikio mapana kuliko mdomo, akufiche na mabaya ya njia, na kila nyumba utakayoingia uiache watu wake wanakula.