Wali wa Mchanga

Leo nimepuliza mchanga mbele ya walimu, na wala sioni haya.

Nilimfuata mjukuu wangu shule ya chekechea, hapa Nguvumali. Nikawakuta watoto wako nje, wanacheza chini ya miti. Akanijia na kifuu cha nazi kimejaa mchanga.

"Bibi, karibu wali."

Nikapuliza kwanza. Walimu wakaangua kicheko.

Hawajui nilikojifunza.

Ilikuwa kijijini kwetu Mwera, miaka ya hamsini. Mama zetu wakienda shamba, bibi yangu alitukusanya sisi wadogo, akatupeleka minazini. Upepo ukipita, vivuli vya makuti vilitutembelea mwilini kama maji. Tulipika mpaka tukasahau kama tuna kwetu.

Baba, karani wa mkonge, aliona huo ni upuuzi mtupu. Siku moja akaja na bakora, anirudishe nyumbani nikajifunze kusoma.

Mimi nikaona mgeni kaja. Nikachota maji, nikamnawisha.

Na mtu wa pwani akishanawishwa, ataondokaje bila kuonja?

Baba akasimama pale, mikono inachuruzika. Kisha akaiweka bakora chini, akaketi mchangani na suruali yake nyeupe ya pasi.

"Bismillahi."

"Polepole, baba. Wa moto huo."

Akapuliza.

Jamani, wazee wenu waliwahi kuonja mapishi yenu? Semeni hapa chini, nasoma.

Wangu alipuliza, akatafuna hewa, akaniuliza kama ukoko umebaki.