Mapera Arobaini

Katika kituo kimoja cha utafiti wa matunda alikuwapo mzee aliyelipwa mshahara kwa kunusa. Wenzake walimwita Pua, wala hakukasirika. Alisema wengine hula kwa jasho, yeye anakula kwa pumzi. Alikaa kwenye meza nyeupe, akakatiwa pera, akalinusa mara mbili, akaandika namba: sufuri kwa lisilo na harufu, tano kwa linalojaza chumba.

Mapera yale yalitoka kwenye miti mia moja na sitini, yote ndugu, baba mmoja mama mmoja. Mama alizaa vitunda vinavyonukia mpaka barabarani. Baba alizaa mapera makubwa yanayokaa wiki mbili bila kuoza, ila kuyanusa ni kama kunusa maji. Daktari wa mimea, mwanamke aliyeongoza kazi, alitafuta jeni inayoliamuru tunda litengeneze harufu linapoiva. Fundi wa maabara, binti aliyeajiriwa mwaka ule, alipima jani la kila mti kuona kama lina alama ya jeni iliyotoka kwa mama. Pua akanusa tunda lake. Kisha majibu yakalinganishwa. Miti mia na ishirini ya kwanza iliafikiana vizuri: penye alama ya mama, harufu ipo.

Ndipo Pua akashikwa na mafua. Alipopona, siku moja mkewe alirudi kutoka kwa jirani akakuta maharage yameungua jikoni, na mumewe yuko hatua mbili tu, anasoma gazeti.

"Baba, hukusikia harufu?"

Akajibu gazeti lilikuwa tamu.

Kazini hakumwambia mtu. Alitazama rangi: pera la njano akaliandikia nne, la kijani moja, mpaka arobaini yaliyobaki yakaisha.

Majibu yakawa vurugu tupu. Daktari akaamini fundi alichanganya majani tangu shambani. Yule binti akarudia vipimo siku tatu, macho yakamwiva, na majibu yakatoka yale yale. Siku ya nne akaambiwa ataondolewa kwenye kazi ile. Aliosha vyombo vyake vya kioo akavipanga kabatini.

Jioni Pua alimsimulia mkewe yote. Mke aliendelea kukunja nguo kwanza.

"Nilijua tangu maharage," akasema. "Kuziba kwa pua si kosa lako. Lakini mtoto wa watu asibebe mzigo wako."

Asubuhi Pua alimkuta Daktari mlangoni, hata mkoba hajauweka. "Arobaini ya mwisho sikunusa. Nilikisia. Binti hana kosa."

Daktari akamuuliza kwa nini hakusema, maana kungepatikana mtu mwingine, na sasa itabidi wangoje msimu mzima. Pua alipewa onyo la maandishi, akahamishiwa kuchuma na kupanga matunda. Daktari alimwomba fundi radhi mbele ya wote. Pua naye akamwomba, peke yao, akasamehewa kwa mdomo. Salamu za kweli zilichukua miezi.

Msimu uliofuata wanusaji watatu wapya waligawana ile miti arobaini, na safari hii namba zilikwenda sambamba na alama za fundi. Jina la binti likawekwa la pili kwenye ripoti.

Pua ya mzee ilirudi nusu. Mafuta ya taa aliyasikia, kitunguu pia, mapera hayakurudi. Alichuma matunda mpaka alipostaafu, na wageni walipomuuliza lipi linanukia zaidi, aliwaelekeza kwa fundi.