Siku kina mama wa Ikombe walipochanganya vyungu vyao sokoni Lyulilo

Wakuu, wakubwa shikamooni, wadogo mambo. Hii sikusimuliwa na mtu, nilikuwepo na gunia langu.

Mimi nalima mpunga Njisi. Nikishavuna napeleka mchele Lyulilo, soko la ufukweni mwa ziwa karibu na Matema, nabadilishana na wafinyanzi wa Ikombe. Wanakuja na mitumbwi, maana kwao mlima umebana, pa kulima ni padogo.

Bei yetu ni ya tangu mababu. Unajaza chungu mchele mpaka mdomoni. Mchele wa mfinyanzi, chungu chako.

Kati yao yupo Mama Tumaini. Ana VVU, alisema mwenyewe kanisani. Tangu aseme, vyungu vyake havishikwi. Eti mikono yake imegusa udongo. Ujinga mtupu, lakini ndiyo hali.

Sasa asipouza, hana cha kula. Asipokula, dawa zinamchafua tumbo, akaanza kuziruka. Tulimwona anakwisha, na inauma sana.

Soko lililopita nikakuta kitu kigeni. Kawaida kila mama anapanga vyungu vyake pembeni. Siku hiyo vyote vilikuwa rundo moja.

Jamaa mmoja akauliza, "Vya Mama Tumaini ni vipi, nisije nikavibeba?"

Bibi Sekela, mkubwa wao, hata kichwa hakuinua.

"Hatujui tena. Udongo mmoja, moto mmoja. Kliniki tulifundishwa, VVU haviambukizi kwa chungu wala kwa kula pamoja. Kama unaogopa, kapikie sufuria."

Wakuu, fikirini. Wangeweza kurudi wote na njaa, watoto wanawasubiri, na walilijua hilo.

Mimi nikafungua gunia. Nikiwa najaza, nikamwona yule jamaa kachuchumaa, anagonga kimoja kusikiliza kama kina ufa, kama tunavyofanya siku zote. Akakichukua.

Mchana mchele wote ukamwagwa kwenye mkeka mmoja, kina mama wakagawana sawa. Wakapika palepale, kwenye chungu kutoka rundo lile lile. Mama Tumaini akala akashiba, akatoa dawa zake kwenye khanga, akameza mbele ya soko zima. Bibi Sekela ndiye aliyempa maji.

Nilichojifunza: elimu ya VVU ni nzuri, ila mwenye njaa mpe na chakula, na usimwache asimame peke yake.

Ndaga fijo kwa kusoma, asanteni sana. Huko kwenu mgonjwa akikosa chakula, nani anamchangia? Semeni, nasoma zote.